Sare za askari wa mikuki wa Marekani, karne ya 19: ipi ushone, ipi uchore

Anayetaka kumvisha mtu sare ya mpanda farasi wa mkuki wa Marekani wa karne ya 19, iwe jukwaani, kwenye katuni au kwenye zile sanamu ndogo za kupaka rangi, ana njia nne za kuchagua. Ipo ya Boston, fahari tupu kuanzia kofia hadi kisigino. Ipo ya Philadelphia, sare ya kazi iliyokwenda vitani na kupigwa picha ikiwa mwilini mwa wenyewe. Ipo ya Texas, ambayo kuiita sare ni kuisaidia. Na ipo ya Wakalifornia wa mwaka 1846, waliowachoma Wamarekani kwa mikuki miaka miwili tu kabla nchi yao haijakabidhiwa kwa Marekani.

Niseme mapema ninakoegemea: kwa kazi nyingi, ya Philadelphia ndiyo inayolipa. Cherehanini haisumbui, ushahidi wake ni mwingi, na mkuki wenyewe unafanya sehemu kubwa ya onyesho. Ila ziko kazi ambazo mteja ukimpelekea sare hiyo atakurudishia siku hiyohiyo, na hapo Boston haina mpinzani.

Nani alilipa

Tofauti kati ya sare hizi inaanzia mfukoni. Sheria ya mgambo ya Marekani ya mwaka 1792 ilimtaka kila mwanamume mzungu, huru na mwenye afya, wa umri wa miaka 18 hadi 45, aandikishwe. Weusi hawakuhesabiwa, hata waliokuwa huru. Kwa hiyo anayechora kombania ya mgambo wa Boston ya miaka ya 1830 ajue sheria ilikuwa imemwamulia nani aingie na nani abaki nje. Kwa wapanda farasi mzigo uliongezwa. Mtu alitakiwa aje na farasi wake, wa kimo kisichopungua takriban sentimita 147 mabegani, na tandiko, hatamu, bastola mbili na upanga. Nguo pia zilikuwa juu yake. Brigedia wa eneo ndiye aliyekuwa na kauli juu ya rangi na mshono, lakini bili ilikuwa ya mwenye kuvaa.

Mtu akilipia nguo yake mwenyewe, na siku ya kuivaa ni siku ya gwaride mbele ya mji mzima, hachagui kijivu. Ndiyo maana kombania za kujitolea za Marekani za kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe (Kaskazini dhidi ya Kusini, 1861 hadi 1865) zilimeremeta kuliko jeshi la serikali, ambalo lilivaa kile bohari ilichotoa. Unapochagua sare hapa, unachagua pia mlipaji: raia anayetaka kuonekana, au serikali inayobana matumizi.

Kiolezo kilitoka Poland

Kabla ya kuzigusa zenyewe, lazima uijue mama yao, kwa sababu fundi asiyeijua atashona koti la kawaida, atabandika vifungo na kuita kazi imekwisha.

Ulaya ya mwanzoni mwa karne ya 19, mkuki wa farasini ulikuwa silaha ya Wapolandi. Askari wao waliopigana upande wa Napoleon waliitia hofu Ulaya nzima. Pale Albuera, Hispania, tarehe 16 Mei 1811, mikuki yao ilisambaratisha brigedi nzima ya watembea kwa miguu wa Uingereza. Waingereza hawakusahau. Mwaka 1816, vita vimeisha, nao wakageuza baadhi ya vikosi vyao vyepesi vya farasi kuwa vya mikuki, na pamoja na mkuki wakachukua nguo za Kipolandi karibu zote.

Marekani nayo ilikuwa na sababu zake za kuwapenda Wapolandi. Kazimierz Pułaski, aliyekufa kwa majeraha ya vita vya Savannah mwaka 1779 akiwapigania Wamarekani, alikuwa na kundi la wenye mikuki katika kikosi chake. Na Wapolandi walipoasi utawala wa Urusi mwaka 1830 na 1831, huruma ya Wamarekani ilikuwa upande wao; daktari mmoja wa Boston, Samuel Gridley Howe, alikwenda kupeleka misaada kwa wakimbizi wao na akaishia kufungwa Berlin mwaka 1832. Kwa hiyo kuona koti la Kipolandi katika mitaa ya Boston miaka michache baadaye halikuwa jambo la kuwashangaza watu.

Sare yenyewe ina vitu vitatu ambavyo kimoja kikikosekana, mtazamaji mjuzi hakubali.

Cha kwanza ni kofia, chapka. Hii ndiyo inayowashinda wengi, basi tukae nayo kidogo. Chini kuna bakuli la ngozi ngumu linaloshika kichwa, lenye ukingo mbele wa kukinga macho. Juu ya bakuli kofia inajibana kama kiuno, halafu inapanuka tena kuwa sanduku la pembe nne lililofunikwa sufu yenye mikunjo ya kusimama, iliyopigwa pasi hadi ikashika. Siri iko kwenye pembe. Sanduku halikai ubavu mbele. Linageuzwa ili pembe moja ielekee mbele kabisa, juu ya pua, nyingine nyuma, na mbili juu ya masikio. Chini ya ile pembe ya mbele ndipo linapokaa bamba la shaba lenye miale ya jua. Kishungi cha manyoya kinasimama upande wa kushoto, na kamba ya kusokotwa inatoka kwenye kofia kushuka hadi kifuani ili kofia ikidondoka farasi akiwa mbioni isipotee. Ukikosea ile pembe ukaweka ubavu mbele, au ukasahau kukibana kile kiuno, mtu wako anaonekana kavaa kofia ya mahafali. Nimeona picha za maigizo za namna hiyo zaidi ya ninavyopenda.

Cha pili ni koti fupi linaloishia kiunoni mbele, na kifuani lina kidari: kipande kipana cha rangi tofauti, kipana mabegani na chembamba kiunoni, kimeshikwa na safu mbili za vifungo zinazokaribiana kadiri zinavyoshuka. Kidari cha kweli kinafunguka. Askari wa Kipolandi wakiwa safarini walikigeuza, upande wa rangi ya koti ukawa nje, ili ile rangi nzuri isichafuke. Ukishona cha kubandika tu, kimeshonwa pande zote, kinakunjamana mtu akiinua mkono. Kata cha kufunguka. Kazi inaongezeka lakini kinatulia.

Cha tatu ni kibendera cha mkuki, chenye ncha mbili kama mkia uliopasuliwa. Cha Kipolandi kilikuwa chekundu juu na cheupe chini, na Waingereza wakakiiga hivyohivyo.

Boston: koti jekundu

Kombania iliyoitwa National Lancers ilianzishwa Boston mwaka 1836, gavana wa Massachusetts akiwa Edward Everett, na kazi yake ya heshima ilikuwa kumsindikiza gavana, hasa kwenda kwenye mahafali ya Chuo Kikuu cha Harvard. Walivaa kiolezo cha Kipolandi: koti jekundu kali lenye mapambo ya buluu ya mbingu, suruali ya buluu, chapka, na mkuki wenye kibendera. Waingereza nao katika miaka hiyohiyo walikuwa wamewavalisha askari wao wa mikuki makoti mekundu, kwa hiyo ukiweka picha za Boston na London za 1837 pamoja utaona ndugu wawili.

Kwa mchoraji na mpaka rangi, mahali pa kuanzia ni mchoro wa Charles Hubbard wa mwaka 1837, unaoonyesha kombania hiyo ikikaguliwa katika uwanja wa Boston Common. Una faida kuu mbili: ulichorwa wakati wenyewe wakiwa hai na sare ikiwa mpya, na unaonyesha farasi na watu wengi pamoja, si mtu mmoja aliyesimama studioni. Una hasara moja, kwamba ni mchoro wa kusifia. Kila koti limenyooka. Hakuna aliyetokwa jasho.

Na walitoka jasho mapema. Tarehe 11 Juni 1837 msafara wa mazishi wa Waayalandi na kikosi cha wazimamoto waligongana katika mtaa wa Broad Street, ugomvi ukawa vurugu ya watu maelfu, nyumba za Waayalandi zikavamiwa na kuporwa. Meya Samuel Eliot aliita mgambo, wa miguu na wa farasi, na National Lancers walikuwa miongoni mwa walioitwa. Ukitafuta tukio la kuigiza lenye sare hii ambalo si gwaride, hilo hapo: koti la fahari la kumsindikiza gavana, limeingizwa kwenye mtaa mwembamba uliojaa manyoya ya magodoro yaliyopasuliwa na watu waliovimba uso.

Sasa ugumu wake. Sufu nyekundu nzito inayoshika rangi bila kung'aa kama satini ni ghali na haipatikani kirahisi. Satini, nakusihi, iache kwa bendi za harusi. Chapka moja inaweza kukula muda kuliko koti zima. Na kuna tatizo la usomaji: mtazamaji wa kawaida akiona koti jekundu kwenye hadithi ya Marekani, akili yake inakimbilia askari wa Mwingereza wa mwaka 1775. Kama tamthilia yako haina mahali pa kueleza kwamba huyu ni mgambo wa Massachusetts wa miaka 60 baadaye, nusu ya ukumbi itamshangilia adui asiye adui.

Bitana ni suala jepesi, na hapa niruhusiwe kutoka nje ya njia kidogo. Wakati kombania hii inapiga gwaride lake la mwanzo, mwaka 1837, Richard Waters wa Salem, mji wa bandari wa Massachusetts hiyohiyo, alikuwa anafika Unguja kuwa konseli wa kwanza wa Marekani, miaka minne baada ya mkataba wa biashara kati ya nchi yake na Seyyid Said. Alichokuja kusimamia, miongoni mwa mengine, ni biashara ya merikani, pamba isiyopaushwa ya viwanda vya New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, iliyovaliwa kutoka pwani hadi bara. Anayetaka bitana ya pamba ya kuaminika kwa koti la Boston, atumie merikani bila wasiwasi wowote. Ni nguo ya nyumbani kwao.

Philadelphia: mkuki mrefu, koti la bohari

Mwaka 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vimeanza, Richard Rush, ofisa aliyesoma chuo cha kijeshi cha West Point darasa moja na Jenerali George McClellan, kamanda wa jeshi la Kaskazini, aliunda kikosi cha farasi mjini Philadelphia. Rasmi kilikuwa Kikosi cha 6 cha Farasi cha Pennsylvania, lakini watu walikiita Rush's Lancers, kwa sababu McClellan alitaka wabebe mikuki. Hawa kwa mpangilio walikuwa watu wa kujitolea chini ya serikali ya shirikisho, si mgambo wa kujilipia kama wale wa Boston, ingawa maofisa wao kadhaa walitoka familia kubwa za mji na walikwisha zoea farasi katika mgambo.

Tofauti hiyo ya mlipaji inaonekana mara moja. Hakuna chapka. Hakuna kidari. Mtu anavaa kile alichovaa mpanda farasi yeyote wa Kaskazini: koti fupi la sufu ya buluu iliyoiva, lenye vifungo 12 vya shaba mbele katika safu moja, na utepe wa njano kwenye kingo zake, kwenye kola na kwenye kafu. Kola ni ya kusimama, na kila upande ina vifungo viwili vyenye utepe uliozungushwa kama tundu la kifungo, ingawa tundu halipo. Mgongoni, usawa wa kiuno, kuna vitonge viwili vya kitambaa vilivyojazwa, kazi yake ni kushika mkanda wa upanga usiteleze. Hivyo vitonge ndivyo ninavyovitafuta kwanza nikiangalia kazi ya fundi. Fundi aliyeviweka amesoma. Asiyeviweka amenakili picha ya mbele tu.

Suruali ina kiraka kikubwa cha makusudi, sufu maradufu kutoka makalioni kushuka ndani ya mapaja yote mawili, kwa ajili ya tandiko. Rangi yake inategemea tarehe: agizo la Desemba 1861 lilitoa buluu iliyoiva na kuleta buluu ya mbingu, kwa hiyo kwa matukio ya 1862 na 1863 tumia buluu ya mbingu. Sajini ana mstari wa njano wa takriban sentimita 4 ubavuni mwa suruali, koplo wa sentimita 1 na kitu. Askari wa kawaida hana mstari wowote. Kila siku naona askari wa kawaida wamepakwa mistari ya njano hadi wanafanana na wapiga tarumbeta wa harusi.

Umaarufu wote uko mkononi. Mkuki ulikuwa na urefu wa futi 9, yaani mita 2.7 na ushei, uti wake ni wa msonobari wa Norway, unene wa sentimita 3 hivi, na chembe ya chuma yenye makali matatu ya urefu wa inchi 11, kama sentimita 28. Wote ulikuwa na uzito wa zaidi kidogo ya kilo 2. Chini ya chembe kulipepea kibendera chekundu kitupu, bila cheupe, chenye ncha mbili. Chini kabisa uti ulikaa kwenye kikombe cha ngozi kilichofungwa kwenye kikuku cha mguu wa kulia, na katikati ulikuwa na ugwe wa ngozi wa kupitishia mkono.

Weka vitu hivyo pamoja uone kinachotokea: koti la giza, suruali nyepesi, na juu ya kichwa cha kila mtu tone moja la wekundu linalopepea. Mchoraji hahitaji zaidi. Safu ya watu hamsini wa namna hiyo ukurasani inasomeka kutoka mbali, na rangi uliyotumia ni moja tu ya ziada. Boston kila mtu ni onyesho peke yake. Philadelphia onyesho ni safu.

Wenzao wa miguu hawakuvutiwa. Waliwaita waswaga bata mzinga, kwa ule ufito mrefu wenye kitambaa chekundu. Virginia, walikopigana, nayo ni misitu na nyua za mbao, si uwanda wa Poland; mkuki wa karibu mita 3 unanasa kwenye matawi, na mlinzi wa doria anahitaji kitu kinachofyatua risasi. Kila kombania ikapewa bunduki fupi chache za kusaidia, kisha Mei 1863 mikuki ikarudishwa bohari na wote wakapata bunduki. Shambulio lao linalokumbukwa zaidi, pale Brandy Station tarehe 9 Juni 1863, walilifanya kwa panga. Kumbuka hilo kabla hujachora mikuki Brandy Station. Utasahihishwa na mtoto wa shule.

Kwa fundi, faida ni kubwa. Sufu ya buluu iliyoiva unaweza kuipata hata kwenye makoti ya mtumba, kwa sababu koti moja refu la kiume linatoa koti fupi na nafasi ya kukosea inabaki. Vifungo vya nakala vinauzwa. Utepe wa njano ni utepe wa njano, mradi uwe wa sufu au wa pamba iliyofifia, si wa plastiki inayometa. Na koti hilohilo, ukiondoa mkuki, linamvisha mpanda farasi mwingine yeyote wa Kaskazini. Kikundi cha maigizo kikinunua koti la Boston, kimenunua koti la onyesho moja.

Kuna mnyororo mwingine wa kuchekesha. Vita hivyo ndivyo vilivyokata pamba ya Kusini kwenye viwanda vya New England, merikani ikaadimika na kupanda bei katika masoko ya Unguja, na nguo za Uingereza na za Bombay zikapata mwanya.

Texas na California, kwa kifupi

Mwaka 1862 jeshi la Kusini lilijaribu kuiteka New Mexico likiwa na wapanda farasi wa Texas, na ndani yake zilikuwamo kombania mbili zenye mikuki. Pale Valverde, tarehe 21 Februari 1862, Kapteni Willis Lang aliongoza kombania yake kushambulia watembea kwa miguu wa Colorado waliokuwa wamesimama imara. Risasi ziliwapata karibu kabisa. Kombania ilivunjika palepale, Lang mwenyewe akajeruhiwa vibaya na akafa baadaye, na mikuki ikaachwa.

Kwa mavazi hawa ni mchanganyiko: makoti ya nyumbani, kofia pana, blanketi, buti za kila namna, na kibendera chekundu kwenye mkuki. Ndiyo ya bei rahisi kuliko zote, na mwigizaji anaweza kuja na nusu ya vitu kutoka nyumbani kwake. Inataka jambo moja, uchafu. Nguo hizi zimepita mamia ya kilomita za vumbi kutoka San Antonio. Ukizileta jukwaani zikiwa zimepigwa pasi umezikosa. Jingine ni la kufikiria kabla ya kununua hata uzi. Hawa walipigania upande uliotaka utumwa ubaki. Kwa tamthilia inayolisema jambo hilo, sawa, wavishe. Kwa gwaride la kufurahisha watoto, hasa mkiwa Marekani kwenyewe, tafuta sare nyingine.

Wakalifornia ni habari nyingine kabisa, na kwangu ndio wenye kisa kizuri kuliko wote. Tarehe 6 Desemba 1846, Marekani ikipigana na Mexico, iliyokuwa na California wakati huo, katika bonde la San Pasqual karibu na San Diego, Mkalifornia Andrés Pico na wafugaji wenye mikuki walikutana na Jenerali Stephen Kearny wa Marekani, aliyekuwa ametoka Santa Fe na askari wake wamechoka, wengi wamepanda nyumbu, baruti imelowa mvua. Karibu Wamarekani wote waliokufa siku hiyo, zaidi ya 15, walikufa kwa mikuki, na Kearny mwenyewe alijeruhiwa. Waliofanya hivyo hawakuwa na sare. Walivaa nguo zao za malishoni: koti fupi, kofia pana ya juu bapa, suruali iliyopasuliwa ubavuni na kufungwa kwa vifungo kuanzia nyonga, na blanketi lililotobolewa katikati la kupitishia kichwa.

Mchoraji wa katuni atapata hapa mistari mizuri kuliko popote. Suruali ile peke yake, ikiwa wazi kuanzia goti na kitambaa cheupe kikionekana ndani, inampa mpanda farasi mwendo hata akiwa amesimama. Fundi atalia na vifungo. Na miaka 17 baadaye, 1863, serikali ya Marekani iliwaandikisha wazungumzaji wa Kihispania wa California hiyohiyo katika batalioni ya farasi na kuwapa mikuki tena, safari hii wakipigania upande wake. Ukitaka hadithi ndefu yenye baba na mtoto katika nguo mbili tofauti na mkuki mmoja, nimekupa.

Usichanganye na hawa

Ukitafuta picha utaletewa wengine wengi. Wenye safu za kamba za kulala kifuani kutoka kushoto kwenda kulia ni hasa wa aina ya hasari, wapanda farasi wepesi wa mtindo wa Kihungari, si wa mikuki. Kusini walikuwapo wa namna hiyo, kama Georgia Hussars wa Savannah. Wenye kofia ngumu nyeusi iliyopitiwa juu na manyoya ya dubu kutoka mbele hadi nyuma, koti la buluu na suruali nyeupe ndani ya buti ndefu, ni First Troop Philadelphia City Cavalry, kombania ya mwaka 1774. Ni nzuri sana, na ni ya mgambo kwelikweli, lakini si ya kiolezo cha Kipolandi. Kanuni yangu ni kuangalia kifua na kichwa: kidari na pembe nne, ni wa mkuki; vinginevyo tafuta maelezo ya picha.

Kabla hujakata kitambaa

Basi nani achukue ipi? Mpaka rangi wa sanamu ndogo anayetaka kitu kimoja cha kuweka kwenye kabati la kioo, achukue Boston bila kujadili. Pale hakuna gharama ya sufu, na nyekundu juu ya buluu ya mbingu inamlipa kila saa aliyoinama. Bibi harusi au kamati ya sherehe inayotaka wasindikizaji wa kupendeza, Boston pia, ila waanze na chapka miezi kabla, koti baadaye. Filamu fupi, tamthilia ya shule, kundi la watu zaidi ya watano: Philadelphia. Mwandishi wa katuni mwenye kurasa nyingi mbele yake, California.

Kwa wote, pimeni ukumbi kabla ya kununua mbao. Mkuki wa mita 2.7, ukishikwa wima na mtu aliyesimama, chini umegusa sakafu, unapita juu ya milango mingi na kugonga taa za jukwaa zilizoning'inizwa chini. Msiufupishe hadi ukawa fimbo; askari wa mkuki mwenye mkuki wa kimo chake ni mlinzi wa lango. Kama dari ni fupi, mpunguzieni futi moja tu na mmwambie mwigizaji aulaze begani akiingia. Chembe iwe ya mpira au mbao laini iliyopakwa rangi ya chuma, kamwe si ya bati, kwa sababu ikishuka kutoka juu inashuka na uzito wote wa uti.

Kibendera kikate mwisho, mkuki ukiwa umesimama. Chukua sufu nyepesi au pamba laini, tabaka moja, shona pindo jembamba, na ukate ule mpasuko wa mkia uingie hadi karibu nusu ya urefu wake. Mpasuko mfupi unakaa kama kitambaa kilichochanika kwa bahati mbaya. Kitambaa kizito nacho kinaning'inia tu, hakipepei, na hapo hata feni ya jukwaani haitakusaidia.